Koti Ambalo Halikufuliwa

Kazi yangu hapa mpakani Tunduma ni kufuta. Nikisema hivyo kwenye sherehe watu hudhani mimi ni mfanya usafi, nami siwasahihishi, maana maelezo ni marefu na pilau inapoa. Nachukua kitambaa kidogo cheupe, nakipitisha kwenye begi pale ambapo mkono wa mwenyewe hushika sana, kwenye mpini na zipu, kisha nakiingiza kwenye mashine. Mashine inakipasha moto na kutafuta chembe za baruti ambazo jicho haliwezi kuziona. Isipokuta kitu, inawasha taa ya kijani. Ikikuta, inapiga kelele, na ukumbi mzima unageuka kumtazama mwenye mzigo.

Aliyenifundisha ni mkuu wetu wa zamu, mama wa Kondoa ambaye hijabu yake huwa imenyooka hata siku ambazo vumbi la malori limetufanya sote tufanane. Mimi nina hasira za karibu, yeye sijui zake alizificha wapi. Nilianza kumheshimu kwa kuitazama mikono yake. Hufuta kwa kwenda upande mmoja, bila kurudi nyuma, kwa uzito wa mtu anayemfuta mtoto uso. Na hatagusa begi la pili kabla hajabadilisha glovu, hata foleni iwe imefika barabarani. "Usimbebeshe huyu mzigo wa yule," hutuambia.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa msimu wa mbolea. Msimu huo mashine hutusumbua sana, kwa sababu mkoa mzima, kuanzia Ibaba hadi Isansa, watu wanayawekea mahindi mbolea kwa mkono, halafu kwa mkono huohuo wanafunga mabegi yao. Baadhi ya mbolea zina kemikali inayopatikana pia kwenye baruti za migodini. Basi ikilia, sote tunasema "mbolea" kabla hata ya kusoma kioo. Abiria nao wameshaizoea hiyo, wengine wanaisema kabla yetu.

Akaja mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Nikafuta zipu ya begi lake, mashine ikalia.

"Mbolea hiyo, mwanangu," alisema haraka. "Nimetoka shambani Isansa."

Nilimwamini. Foleni ilikuwa inanung'unika na mimi nilikuwa na njaa. Nilishataka kumwonyesha bomba akanawe mikono apite zake, mkuu akafika.

"Inawezekana ni mbolea," alisema. "Tuliulize begi lenyewe."

Alilibeba begi hadi kwenye meza iliyo nyuma ya pazia, mbali na macho ya watu, akabadilisha glovu. "Mama, utatoa vitu wewe mwenyewe," alimwambia. "Mimi sitaingiza mkono humo." Mama akatoa vitenge, unga wa ulezi, kahawa ya kusaga. Mkuu akafuta kimoja kimoja, kila kimoja na kitambaa chake, na taa ikawa ya kijani kila mara. Chini kabisa kulikuwa na kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Mama akakiwekea kiganja juu.

"Hiyo ni nguo tu."

"Basi nguo haina tatizo. Tuione."

Lilikuwa koti la kaki, limechakaa, na udongo mwekundu umekauka kwenye mikono. Mkuu akafuta pindo la mkono mmoja. Mashine ikalia kuliko mwanzo.

Kwetu hapa, mzigo ulioliza mashine na hauna maelezo hauvuki. Unabaki. Nadhani mama alikuwa ameshaambiwa hivyo, kwa sababu alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa na kuanza kulia.

Koti lilikuwa la marehemu mume wake. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, kazi yake kujaza baruti kwenye matundu ya mwamba. Aliugua kifua, akafa nyumbani. Mama mzazi wa marehemu anaishi ng'ambo, upande wa Nakonde, na miguu yake haikumruhusu kuja kuzika. Siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu zilipogawiwa, bibi alituma ujumbe kwamba fungu lake ni koti la kazini, na mtu asithubutu kulifua.

"Niliogopa mtalichukua," alisema. "Au mnilazimishe kulifua. Nikamwambie nini yule bibi?"

Mkuu alimwita askari wa milipuko. Askari akapekua mifuko yote ya koti na kubonyeza mishono, kisha akampigia simu msimamizi wa mgodi, aliyethibitisha kazi ya marehemu na kuomba tumpe mjane pole zake. Hapakuwa na baruti yoyote kwenye koti lile, ila chembe za kazi ya mtu. Zilitoka kwenye koti zikaingia mikononi mwa mke, zikafika kwenye zipu. Nilimwonea fahari mkuu wangu, nikiri hivyo. Mimi ningemruhusu huyu mama apite kwa jibu la uongo, abaki na hofu hadi kituo cha mbele. Yeye alimpa njia ya kuvuka bila kuficha kitu.

Mama alikuwa bado anakitazama kile kitambaa kwenye mdomo wa mashine.

"Mmezitoa zote, hizo chembe?"

"Hapana, mama," mkuu alisema. "Hiki kinachukua kidogo sana. Nyingine zote zimebaki kwenye koti."

"Kwa hiyo bado yumo?"

Mkuu wangu ni mtu wa taratibu, na hakuna utaratibu wa swali hilo. Alivua glovu kwanza.

"Yumo."

Mama akalichukua koti, akalikunja polepole, udongo ukiwa ndani. "Mimi harufu yake siisikii tena," alisema. "Nilidhani nampelekea mama yake koti tupu."