Damu ya Bwana Harusi

Mwanatumu wa Port Reitz ana miaka ishirini na miwili akipima damu katika kliniki ndogo ya mtu binafsi, na mdomo wake haujapumzika hata siku moja. Huongea na wagonjwa, huongea na chupa, huongea na mashine. Lakini siku aliyopima damu ya Faiz, mchumba wa bintiye Hanan, aliianza kazi kimya.

Alikuwa na sababu. Yeye na marehemu mumewe walibeba selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kujua, wakamzika Rama, kifungua mimba wao, akiwa na miaka tisa. Hanan ni mzima, ila naye ameibeba. Faiz angekuwa nayo pia, wajukuu wangekuwa hatarini.

Sasa huyo Faiz, kijana wa miraba minne, huogopa sindano vibaya. Alitoa tone moja la kidole na kutoweka. Mwanatumu akapika jeli ikaganda kama faluda, akaidondoshea damu ya Faiz kwenye kitundu kimoja, na yake mwenyewe kwenye cha pili, iwe ya kulinganishia. Akawasha umeme. Umeme huivuta rangi nyekundu ya damu ndani ya jeli: ya kawaida hutangulia, ya selimundu hujikokota nyuma. Anayeibeba huonyesha mistari miwili. Aliyesalimika huonyesha mmoja tu, ule wa mbele. Ni kazi ya dakika arubaini, si zaidi.

Dakika ya thelathini na tano, mzee Sheikhan, babu yake Faiz, akachungulia dirishani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kwema? Watoto hawajambo? Na goti la mama?"

Nani wa pwani angemkatiza mkwe mtarajiwa mwenye ndevu nyeupe? Goti likaelezwa kwa kirefu, likafuata paa linalovuja, kisha shangazi wa Kisauni na mbuzi wake. Mwanatumu alipogeuka, saa nzima ilikuwa imepita. Jeli ilikuwa tupu. Mistari yote imetokea upande wa pili na kuyeyukia kwenye maji yanayoizunguka jeli.

"Wallahi, babu, tumesalimiana hadi damu ya mjukuu wako imekwenda zake!"

Mzee aliona haya hasa. Kesho yake alimleta Faiz mwenyewe, amemkamata mkono kama mwizi. Damu ilipokwisha kutolewa, mlango ukatiwa komeo, na mzee akakaa nje bila kusema neno. Kwa Sheikhan, hilo lilikuwa gumu kuliko kufunga saumu.

Dakika arubaini zikatimia. Damu ya Mwanatumu ilionyesha mistari yake miwili. Ya Faiz, mmoja, mbele kabisa. Akahesabu tena, na tena, kana kwamba moja ni hesabu ngumu.

Alipofungua mlango machozi yalikuwa yakimtiririka, na mzee akaruka kwa hofu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Rama wangu sikumwacha acheze mvuani hata siku moja, babu. Baridi ikimgusa tu, mifupa ilimuuma." Akajifuta kwa ncha ya leso. "Wana wa Hanan watacheza."