Abiria Aliyebaki Katika Basi la Oloo

Mkwe wangu Oloo, watu wa Parklands humwita Mzee wa Mabasi. Wengine wakishapita lango lake huzungusha kidole kichwani. Mimi ni Philister, mama mkwe wake. Kisomo changu ni cha darasa la pili, lakini macho ninayo. Huyo mtu hana wazimu, na nitaeleza nilivyomkuta ili waache kusema.

Alikuwa dereva wa basi la shule tangu ujana. Binti yangu Millicent ndiye aliyekuwa mama wa basi, yule anayewaangalia watoto na kumshusha kila mmoja mlangoni kwao. Hakuwa mtu wa kelele. Wakifika kwa mtoto, aligonga bodi ya gari mara moja kwa pete yake, ngo, na Oloo akasimama. Mtoto akishapokelewa na wa kwao, aligonga mara mbili, gari likaondoka. Hivyo ndivyo walivyotongozana hao, kwa kugonga. Mpaka walipokuja kwangu kusema wanaoana, nilidhani hawajuani sauti.

Shule zikichoka na mabasi huyauza, na Oloo alianza kuyanunua bado akiendesha. Aliyapanga hapo Parklands, nyuma ya ghala la Naeem, Mswahili wa Mombasa mwenye duka la mabati katikati ya jiji. Anang'oa viti, anaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo kama kabati la nguo. Basi linakuwa nyumba ya kutembea. Matajiri wa Kitisuru wanayapenda sana. Wanaenda kulala nayo porini, na zile nyumba zao kubwa wanawaachia mbwa.

Kila basi hupakwa rangi mpya, kwa sababu sheria inasema manjano ni ya watoto wa shule. Lakini majina ambayo watoto walichora kwa msumari kwenye vyuma vya madirisha, Oloo hayafuti. Jua likiwaka unasikia humo ndani harufu ya maganda ya machungwa, na hao waliokula machungwa sasa wana watoto wao.

Basi moja tu hakulipaka rangi. Hilo ndilo lililonitoa Siaya.

Millicent alipokufa, Oloo alisema atampeleka nyumbani yeye mwenyewe, kwa basi lao. Shule ikakubali, maana hata wenye matanga walikuwa wakilikodi Jumamosi. Viti vya nyuma vikatolewa, jeneza likaingia.

Sasa sisi watu wa Siaya, maiti akisafiri, tunaongea naye. Akitolewa mochari anaambiwa, twende nyumbani. Mkivuka mto anaambiwa, tunavuka. Mkibadilisha gari anaambiwa, shuka, tunaingia lile pale. Mtu akifa anakuwa mgeni, njia haijui. Na anayemwambia ni yule aliyeanza naye safari.

Basi lilikufa Kangemi, Nairobi hata hawajaiacha. Mvua ilikuwa inamwagika. Oloo alikuwa ameinama kwenye injini, mafuta mpaka viwikoni, hataki kukubali. Wale waliomsindikiza wakasimamisha lori, wakahamisha jeneza mbio mbio lisilowe. Wakamvuta Oloo kwa mkono, akapanda. Hakuna aliyemwambia binti yangu kitu.

Tukazika. Lakini mama anajua. Kaburi la mtu aliyefika linatulia. La Millicent nilipokaa kando yake sikuwa nimekaa na mtu. Ilikuwa kama kukaa kando ya shimo la viazi.

Lile basi lilivutwa likarudi mjini, shule ikalikatia tamaa, Oloo akalinunua. Baadaye Naeem akanipigia simu.

"Mama, mkweo amehamia ndani ya lile basi la manjano. Hali, halali. Anasema mkewe anagonga."

Nikafunga nguo zangu siku hiyo hiyo. Nilikuja Nairobi kumchukua binti yangu, nimpeleke kwao. Sikuja kwa kitu kingine.

Nilifikia Kawangware kwa Jacklyne, mtoto wa dada yangu, na asubuhi nikaenda Parklands. Oloo alitokea mlangoni mwa basi, suruali imemlegea kiunoni. Nyuma yake nikaona kitanda kimetandikwa. Kwetu mama mkwe haingii mahali mkwe wake wa kiume anapolala. Hata mvua ya mawe ikija, haingii.

"Ja-Alego," nikamwita kwa jina la kwao, yaani mtu wa Alego.

"Mama. Nashindwa hata kukukaribisha."

"Utanikaribisha wapi? Nani alikwambia uweke kitanda kabla hujamshusha mwenyewe?"

Naeem akaniletea kigoda, nikakaa nje.

"Mama, kinachogonga ni bati tu," akaninong'oneza. "Jua likipungua, bati linajikunja, linalia. Mimi nauza bati, najua."

"Hayo mabati yako yanavaa pete?"

Akacheka. Tukakaa. Alasiri, saa ile watoto wanatoka shule, pakagongwa. Ngo. Mara moja tu, kutoka nyuma, upande wa mlango. Nikangoja zile mbili za kuondoka. Hazikuja. Naeem akainuka, akakumbuka ana wateja dukani.

"Ni kila siku?" nikamuuliza Oloo.

"Kila siku. Saa ya kushusha."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nakaa."

"Mtu anaomba kushuka, wewe dereva unakaa?"

Akatazama mikono yake. "Nikimshusha, Mama, mimi nitabaki na nini? Hapa angalau ananigongea."

"Hakugongei wewe. Anagonga afunguliwe."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mimi ni mkaidi, sikatai. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, nikakaa na kigoda changu mbele ya lile basi mpaka mpita njia mmoja akaniuliza njugu ni pesa ngapi. Nilimwekea Oloo omena na ugali kwenye ngazi, nikageuka nyuma ili ale bila aibu. Nikigeuka tena, inzi ndio wanakula. Shavu lake lilikuwa limeingia ndani. Nikaona kuwa nisipofanya haraka nitasafirisha wawili.

Siku moja pakagongwa, lakini hafifu, kama mkono wa mtu aliyechoka kuunyoosha. Oloo alikuwa amesimama mlangoni. Uso ukamgeuka.

"Umesikia?" nikamwambia. "Anachoka. Miaka yote hukuwahi kumpitisha mtoto wa mtu kwao. Wa kwangu ndiye unayempitisha?"

Akashika mlango kwa mikono yote miwili.

"Toa hicho kitanda," nikasema, "niingie nimwambie mimi."

"Si wewe uliyeanza naye safari, Mama, ni mimi."

"Basi washa gari. Gari likitembea si nyumba, mimi nitaingia kama abiria. Twende pale Kangemi umwambie wewe."

"Bado ni la manjano. Polisi watatushika."

"Waambie mwanafunzi ni mimi. Niliacha darasa la pili, narudi kumaliza."

Oloo akacheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kikageuka kikohozi, kikageuka kilio. Nikatazama ukutani mpaka kilipokwisha. Akachukua funguo.

Ile injini kumbe aliifufua zamani. Ni barabara tu alikuwa amelinyima basi. Nilikaa kiti cha mbele, shingo haikugeuka kutazama kitanda. Tukapita Westlands, tukashika Waiyaki Way, na hakuna aliyetusimamisha. Nyuma yetu kulikuwa kimya, ule ukimya wa mtu anayesikiliza.

Kangemi akaegesha mahali pale pale. Akavuta breki ya mkono, akafungua mlango. Halafu mdomo ukakataa. Magari yanapiga honi, makanga wa mabasi wanamtukana, yeye ametazama mbele tu. Na mimi sikusema. Halikuwa neno langu.

"Millicent," akasema mwishowe, pole pole, kama anayemwamsha mtoto aliyesinzia garini. "Hapa ndipo gari lilipoharibika. Tulikuhamisha sikukwambia. Shuka sasa. Mama amekuja, utaenda naye."

Nikasikia ngazi ya mlango ikilia, ile ya chini, vile inavyolia ikikanyagwa. Mimi nilikuwa bado nimekaa.

Nikashuka. "Haya, mama yangu," nikamwambia, "twende kwenu. Shika nguo yangu, hapa kuna watu wengi."

Basi la kwenda Siaya halikukawia. Nilipanda, nikakaa upande wa ndani, dirisha nikamwachia yeye, nikamwambia tumeingia. Mwanamume mmoja mwenye kofia akataka kunivuka akae hapo.

"Kuna mtu," nikasema.

Akakitazama kiti, akanitazama mimi, akaenda nyuma bila kuuliza.

Tulipoondoka niliangalia nje. Lile basi la manjano lilikuwa bado pale, mlango wazi, honi zinalia nyuma yake, na mkwe wangu ameshika usukani, hajui aende wapi.