Waliosukuma Baiskeli Kwenye Mteremko

Mwaka ule nililazwa hospitali ya Kasulu kwa ngiri, na nasema wazi kwa sababu mji mzima ulijua. Mwalimu wa sekondari hana ugonjwa wa siri. Ilikuwa siku ya pili tangu kupasuliwa, nimekalia kitanda cha dirishani nilichokipata kwa kulalamika sana, walipomleta yeye kwenye machela.

Katika wilaya zile mbili, Kibondo na Kasulu, sikuwahi kukutana na mtu asiyemjua. Hata mimi, mtu wa Mtwara nisiyejua mpira una wachezaji wangapi, nilimjua mapema. Kazi yake ilikuwa kubeba ndizi. Alizitoa upande wa Manyovu, mikungu imefungwa kwenye keria mpaka ukimtazama kwa nyuma humwoni mtu, unaona shamba linatembea. Siku za mashindano alifungua kamba, akashusha mikungu, akapanda baiskeli ile ile nzito ya chuma, na kutoka Kibondo mpaka Kasulu akawaacha vijana wenye baiskeli nyembamba za gia. Walikuwa wakifika wanamkuta ameshanawa uso.

Lakini si ushindi uliofanya watu wampende vile. Ulikuwa ni mlima. Chini ya hospitali ile barabara inapanda kutoka bondeni, na kila mbeba mzigo akifika hapo hushuka, akaweka bega kwenye mzigo na kusukuma mpaka juu. Ndivyo walivyofanya baba zao, hakuna aliyeona aibu. Yeye peke yake hakushuka. Alipanda mlima akiwa juu ya baiskeli, na mzigo wote, polepole kiasi kwamba mtoto angeweza kutembea pembeni yake.

Mara ya kwanza kumwona nilikuwa natoka ofisi ya elimu, nimekasirika kwa mambo ya uhamisho, natafuta mtu wa kumgombeza. Nikaona wenye maduka wamesimama vibarazani na wanawake wa nyanya wameacha kubishana bei. Hakuna aliyeshangilia. Niliuliza mbona hawapigi makofi, mama mmoja akanikata jicho akasema nikae kimya, nitamkata pumzi. Nikakaa kimya. Alipofika juu, watu wote walishusha pumzi pamoja na mimi nikiwemo, na hasira yangu sikuiona tena siku ile. Sijui niiteje hali ile. Nilikuwa nimemwona binadamu akifanya jambo lisilowezekana, kisha akapiga kengele na kuelekea sokoni kuuza ndizi.

Sasa alikuwa amelala pembeni yangu. Lori la mahindi lilikuwa likikwepa shimo kwenye barabara ya Kibondo, likamkuta ukingoni. Mguu wa kulia ulisagwa chini ya goti.

Siku ile ya kwanza simu ya mkewe haikupumzika. Mtu mmoja wa Kibondo alikuwa ameandika kwenye kundi la mashabiki kwamba shujaa ametutoka, akaweka na picha ya mshumaa. Habari ikafika Mabamba kule mpakani kabla gari la wagonjwa halijafika hospitali. Basi yule mama, huku ameshika kijiko, akawa anapokea rambirambi za mume ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamlisha. Kila aliyepiga alimjibu maneno yale yale, kwa sauti ile ile: yupo, anakunywa uji.

Kesho yake wakaja wenyewe. Wengine walitoka Kibondo kwa baiskeli kwa sababu hawakuziamini simu, walitaka kuona kwa macho. Walinzi wa getini waliwaruhusu wawili wawili saa ya kutazama wagonjwa. Waliingia wamevua kofia, vumbi mpaka kwenye kope, wakamtazama, wakagusa chuma cha kitanda kwa vidole, wakatoka. Wanaume wenye mabega ya kubeba mawe hawakuweza kusema hata pole. Mmoja alinigusia na mimi kitanda changu, nadhani kwa kuchanganyikiwa. Nilijisikia nimebarikiwa kimakosa.

Jioni ile nilimpisha kitanda cha dirishani. Nisijisifu, nilisubiri mpaka muuguzi aliponiomba mara ya pili.

Daktari wetu alikuwa binti mdogo aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine, mpole lakini hapindishi maneno. Jioni ile ile alikaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, akamweleza kwamba nyama ya chini imeshakufa na sumu inapanda. Mguu ukatwe, na ukatwe kabla ya saa sita mchana keshokutwa, la sivyo utamwondoa na yeye. Inatakiwa karatasi ya ridhaa, aweke saini. Mgonjwa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huu mguu si wangu peke yangu, daktari. Ni wa watu." Mkewe alimbembeleza kwa Kiha kwa muda mrefu, sikuelewa maneno lakini sauti niliielewa, na mwishowe akakubali kwamba atajibu asubuhi. Tuliona kama ameshakubali. Mimi nililala vizuri.

Nililala vizuri mno, ndiyo maana asubuhi nilifanya ujinga.

Kila asubuhi wabeba mizigo huteremka mlima ule wakiwa hawana kitu, kwenda kutafuta bidhaa, na huo ndio wakati wao wa raha. Wanaachia breki, wanapiga kengele na miluzi, wodi nzima inaamka. Asubuhi ile sikusikia kengele. Aliyekuwa kitanda cha pili, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwenye malaria, alisimama akachungulia, akaniita: "Mwalimu, kuya uone. Batu banasukuma velo ku muteremko." Velo kwao ni baiskeli.

Nikaenda. Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja. Kila mmoja alikuwa ameshuka, ameshika usukani kwa mikono miwili, anatembea kando ya baiskeli yake taratibu kuteremka barabara ambayo magurudumu yenyewe yanataka kukimbia. Kimya. Ilisikika minyororo tu na ndala. Wakifika usawa wa dirisha letu waliinamisha vichwa kidogo, wakapita. Mwili ulinisisimka mpaka mshono ukaniuma. Nikawaza kwamba hakuna mfalme anayepata heshima ya namna hii, na mwenye heshima yake amelala haoni. Nikamwamsha. Nikamwinua mabega, mimi na ngiri yangu, nikamwegemeza kwenye mto.

Alitazama nje. Akauliza, "Mwalimu, huko nje kuna msiba wa nani?"

Nikamjibu kwa furaha kabisa kwamba hakuna msiba, wanamheshimu yeye.

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa lugha ya kwao. "Ni mimi." Akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulinichoma. Nilianzia kazi Kibondo, na mwezi wangu wa kwanza nilipita mbele ya nyumba yenye matanga nikiwa juu ya baiskeli, napiga kengele. Wanawake walinitolea maneno mpaka nikarudi kuomba radhi. Kule mwenye baiskeli akifika penye msiba hushuka na kusukuma mpaka apite. Nililijua hilo. Nililijua kuliko mgeni yeyote, nilikuwa hata nawafundisha walimu wapya wanaoripoti. Uzuri wa kile nilichokiona ulinifumba macho, nikamwamsha mtu aliye hai aone watu wakipita matanga yake.

Daktari alipokuja na karatasi hakugeuka. "Hawa wameshanizika," alisema akiwa bado ametazama ukuta. "Maiti haiweki saini." Uji aliukataa. Mkewe hakunilaumu kwa neno lolote, alikunja tu kitenge chake upya, akakaa sakafuni chini ya kitanda. Afadhali angenitukana.

Mchana nilitoka wodini bila ruhusa. Nilishika mshono kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine, nikafika getini, nikamtafuta mwenyekiti wa wabeba mizigo. Alikuwa mzee wa makamo, mfupi, shati limechanika begani kwa kazi. Nilimweleza yote, pamoja na lililofanywa na mimi, kwa sababu nilishachoka kulibeba. Alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji. Akanieleza kwamba walikutana sokoni kujadili. Walinzi wasingeweza kuwaingiza wote, na wakaona kengele zitamsumbua mgonjwa, basi wakashuka na kusukuma, kwa kuwa ndiyo heshima pekee waliyoijua.

"Tulitaka ajue kwamba tunapita," alisema. "Hatukujua tupite vipi."

Akaniuliza mgonjwa anataka nini. Nikasema sijui, ninachojua anajiona amekufa, na kesho saa sita itakuwa kweli. Mzee akainuka, akaniambia nirudi nikalale kabla sijapasuka.

Kesho yake ilifika saa nne na mgonjwa hajabadilika. Homa imepanda, midomo imekauka, daktari anapita kila baada ya dakika chache na ile karatasi kwenye ubao wake, haitaji, anaiacha ionekane. Ndipo kengele zikasikika bondeni. Nyingi, zote pamoja. Niliangalia nje nikaona baiskeli zimejaa chini ya mlima, na zote zina mizigo: mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya mawese. Na wenyewe wamekaa juu ya viti, mguu mmoja chini, wanatazama mlima.

Wa kwanza akaanza. Alifika kwenye kona ya kwanza, usukani ukamtetemeka, akaanguka na gunia lake. Wa pili hakufika hata hapo. Wa tatu, mwenye ndizi, alisimama juu ya pedali kwa nguvu zake zote, mzigo ukamvuta nyuma, gurudumu la mbele likapaa hewani, na mikungu ikabingirika mpaka mlangoni kwa kinyozi. Walioanguka waliinuka, wakateremka, wakapanga mstari tena. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakijaribu kitu cha mtu mmoja, mbele ya mji mzima, wakijua hawakiwezi.

Sikumgusa safari hii. Nilikuwa nimejifunza. Aligeuka mwenyewe, kwa kelele za kengele, akajisogeza kwa viwiko mpaka kidevu kikafika kwenye fremu ya dirisha. Mkewe aliinuka sakafuni lakini hakumsaidia. Akawatazama watatu wakianguka, wanne. Uso wake sikuweza kuusoma. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwisha kabisa:

"Anasimama. Mwambie akae."

Sikuelewa kwamba ananiambia mimi.

"Mwalimu. Mwambie akae kwenye kiti. Kifua kwenye usukani."

Nina sauti ya darasa la wanafunzi themanini, na sijawahi kuitumia vile. Nilitoa kichwa nje nikapiga kelele: "Kaa! Kaa kwenye kiti! Kifua kwenye usukani!" Mshono uliniwaka mpaka machozi yakatoka. Yule aliyekuwa mlimani alisikia, akakaa, akalaza kifua. Akapita kona ya kwanza. Akaanguka kwenye ya pili, lakini ya kwanza aliipita, na vibarazani kule watu walikuwa wameanza kusimama kimya.

Mgonjwa akawa ananipa maneno na mimi nayatupa nje. Wasitazame juu, watazame gurudumu. Wakate barabara kushoto na kulia, wasiende moja kwa moja. Yule mwenye mkaa amefunga mzigo juu mno, aushushe. Mwenyekiti ni mzito, atoke kwenye mstari, anapotezea wenzake muda. Hilo la mwenyekiti nililipunguza makali. Muuguzi alikuja kunikataza kelele, akaishia kusimama nyuma yangu. Mkongo naye alisogea, ameshika nguzo ya dripu yake. Niliwatazama wote kwa zamu, kisha nikamtazama yeye, mtu mwenye homa ya kuunguza, mguu wake unanuka kifo chini ya shuka, anawapandisha mlima watu kutoka kitandani. Nimeishi miaka mingi na vitabu na sijaona mwalimu wa namna ile.

Saa tano na nusu daktari alisimama mlangoni. Ubao wake ulikuwa mkononi. Nje, kijana mmoja mwenye ndizi alikuwa amevuka kona ya pili na kubakiza hatua chache, akasimama juu ya pedali kwa tamaa, akaanguka. Mji mzima uliguna. Mgonjwa alifumba macho, akayafumbua, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja kikiwa wazi.

"Lete hiyo karatasi," alimwambia daktari. "Na mfanye upesi. Hawa watu bado hawajui kupanda."