Jina Lililosomwa Nyama

Nilikuwa bado mtoto, miaka tisa hivi, tukiishi ghorofa ya tatu huko Etterbeek, jijini Bruxelles, mama yangu alipompa mdogo wangu jina ambalo nyumba nzima ilishindwa kulitamka. Lilikuwa jina la Kiayalandi. Liliandikwa Niamh, likatamkwa Niiv.

Mwenye jina alikuwa mama mmoja wa Ayalandi aliyefanya kazi katika ofisi ambazo mama alizisafisha alfajiri, karibu na kituo cha Schuman. Tuliponyimwa karatasi za kukaa Ubelgiji, yeye ndiye aliyetuandikia barua, moja baada ya nyingine, akakaa na mama kwenye viti vya kusubiria mpaka tukakubaliwa. Mama akamwahidi kwamba akizaa msichana atampa jina lake. Kwa sisi watu wa Bukavu hilo si jambo la ajabu.

Koko, bibi yangu mzaa mama, tuliishi naye nyumba moja. Yeye alitaka mtoto aitwe Nsimire, jina la marehemu mama yake. Lakini si hilo tu lililomkera. Mama alipomwandikia lile jina la kizungu nyuma ya bahasha, Koko alifuata herufi kwa kidole, polepole.

"Nya... Nyamu. Nyama? Munaita mutoto nyama?"

"Niiv, Mama. Inasemwa Niiv."

"Wewe utasema vile. Na batu bengine, batasoma nini?"

Koko aliamini kwamba mtoto mchanga, kabla hajacheka kwa sauti, bado si wetu kabisa. Kuna vitu vinazunguka nyumba, alisema, vinasikiliza mtoto anaitwaje ili vijue vimfanye nini. Ukimwita nyama, kile kinachokula nyama kitasikia.

"Bon, Mama, hapa ni Bruxelles," mama akamjibu.

"Na nani alikuambia vile vitu vinaombaga viza?"

Mimi nilicheka. Baba, ambaye hakupenda kuingia kati yao, aliwasha televisheni.

Mtoto alipotimiza wiki tatu, wazazi wangu walialika watu wa kikundi cha sala. Mama alikuwa ameandaa vikasha vya dragées, zile pipi za lozi ambazo Wabelgiji hugawa mtoto akizaliwa, kila kikasha kimeandikwa jina kwa wino wa dhahabu. Tonton Deo, rafiki wa baba, alikinyanyua chake mbele ya macho, akasoma kwa sauti kubwa: "Nyama! Alors, tutakula saa ngapi?"

Sebule nzima iliangua kicheko. Mama naye alijilazimisha kucheka, kisha akaanza kumfundisha mmoja mmoja: Niiv, Niiv. Koko hakucheka. Alimchukua mtoto, akamfunika kichwa kwa kitenge, akaenda kukaa naye chumbani mpaka wageni walipoondoka.

Na mimi? Nililipenda lile neno. Nikiachiwa mtoto, nilimbembeleza kwa wimbo wangu mwenyewe: Nyama, Nyama, lala. Koko alinikuta siku moja. Hakunipiga. Alinitazama tu, kisha akasema taratibu, "Na wewe pia."

Wiki iliyofuata mtoto alianza kuchoka akinyonya. Alivuta mara mbili tatu, akaachia ziwa, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Mama alimpeleka hospitalini na mimi nikamfuata, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa kizuri kuliko chake. Muuguzi alitoka na karatasi, akaita: "Niame?" Hatukujua kwamba ni sisi. Akaita tena. Mara ya tatu ndipo mama aliposimama, akasema Niiv, kwa sauti iliyofanya watu wote wageuke.

Alifariki siku mbili baadaye, mchana, akiwa na wiki saba. Hakuwa amecheka bado.

Tuliporudi nyumbani kutoka makaburini, kabla mama hajavua koti, Koko alisema, "Nilikuambia."

 Mama aliingia chumbani, akatoa sanduku la Koko, akaliweka mlangoni. Jioni ile mjomba alikuja kumchukua akampeleka kwake Liège. Mama na mama yake hawakusemezana tena, miaka kumi na tisa, mpaka Koko alipokufa.

Nilikuwa mkubwa, tayari nikifanya kazi ya uuguzi, nilipopata kusoma faili la mdogo wangu. Moyo wake uliumbika vibaya, ukiwa na tundu, tangu tumboni, miezi kabla mtu yeyote hajalisoma jina lake. Nilipanda treni kwenda Liège kumweleza Koko. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Moyo," akasema. "Sawa. Na nani aliuharibu?"

Mama nilimsomea faili hilohilo jikoni kwake. Aliniuliza jambo moja tu: kama imeandikwa kwamba mtoto aliumia. Nilisema hapana. Sikusema ukweli. Ule wimbo wangu sijamwambia mpaka leo.

Najua moyo unavyoumbika, na najua neno halitoboi kitu. Lakini nilipomzaa binti yangu nilimwita Anna. Rafiki yule wa Ayalandi alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na mama alitumaini, bila kutamka, kwamba ningelirudisha jina lake nyumbani. Alisoma "Anna" kwenye bangili ya hospitali, akamrudisha mtoto mikononi mwangu.

"Na wewe pia ulimwamini bibi yako," akasema.

Nilitaka kukataa. Badala yake nilimfunika Anna kichwa kwa kitenge.