Presha za Shemeji Lifti

Mtaa mzima unajua mimi ndiye bingwa wa presha. Niletee tairi la baiskeli, la teksi, la lori la mchanga, nalibonyeza kwa kidole gumba tu nakwambia linataka upepo kiasi gani. Kipimo ninacho, lakini kile ni cha kuwaonyesha wateja wasio na imani. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha mimi, hadi leo tunabishana.

Ila hapa sijisemi mimi, ingawa ningependeza. Namsema shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu aliyechoka kuliko wote ninaowafahamu.

Shemeji alikuwa keyateka, mtunzaji wa jengo la ghorofa nne, na kibanda changu cha tairi kimeegemea ukuta wa jengo hilo hilo. Wapangaji walimwita Lifti, kwa sababu jengo halina lifti na kila kitu alipandisha yeye: magodoro, mitungi ya gesi, kabati la bibi harusi, siku moja hata bibi harusi mwenyewe, viatu vimemshinda. Lakini kazi iliyommaliza ilikuwa maji. Pampu ya pale ilikuwa imezeeka. Ilisukuma maji mpaka ghorofa ya pili, ikakohoa, ikaishia hapo. Wa ghorofa ya tatu na ya nne wakifungua bomba walisikia upepo tu.

"Lifti! Presha hamna!" Ndiyo salamu yao ya asubuhi. Wala si shikamoo.

Basi Lifti anajaza madumu, moja kulia, moja kushoto, anapanda. Namsikia kutoka kibandani, malapa yake yanapiga ngazi, paa, paa, kisha kimya. Kile kimya ndipo anapopumzika. Mwanzoni alikuwa anapumzika mara moja, akifika juu. Baadaye akawa anapumzika kila kona. Namtania, "Shemeji, lifti gani hii inasimama kila ghorofa na hakuna anayeshuka?" Alikuwa anacheka. Mwishoni akawa ananyanyua mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Mshahara wake ulikuwa hivyo hivyo, lakini kulikuwa na chumba. Chumba chini ya ngazi, upande mmoja dari limelala kiasi kwamba dada yangu anakunja shingo akitandika kitanda. Wamekaa humo miaka. Ukitoka kazini, umetoka na chumbani. Hilo ndilo lililomfunga.

Siku moja aliona ukuta unazunguka. Alijikalia kwenye ngazi, dumu mapajani kama kamkumbatia mtoto. Dada yangu hakutaka maelezo. Aliniita kibandani, "We mjuaji, funga hicho kibanda, tumpeleke mume wangu zahanati." Nikafunga.

Nesi alimzungushia kitambaa mkononi, akaanza kubinya kile kipira chake, fusu, fusu. Nikamwambia, "Dada, pampu yako ndogo hiyo. Ningekuletea yangu ya mguu." Hakunitazama. Alitazama saa yake ya kipimo, akapima tena mkono wa pili.

"Mzee, presha yako iko juu sana."

Shemeji akashangaa kwelikweli. "Juu wapi? Ghorofa ya nne haijafika hata siku moja."

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nesi hakucheka. Akamweleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo kwa watu wengi tangu asubuhi: damu yake inasukuma kwa nguvu kuliko mishipa inavyoweza, ameze kidonge kila siku, apunguze chumvi, aache kubeba vitu vizito. "Na nyumbani je? Kazini? Una presha za maisha?"

"Hizo ndizo nilizonazo siku zote," shemeji akasema. "Hii nyingine ndiyo naisikia leo."

Sasa kwangu mimi presha ikizidi ni jambo dogo. Unabonyeza kile kipini cha valvu, fyuuu, imekwisha. Nikamuuliza nesi kipini cha shemeji kiko wapi. Dada yangu alinikanyaga mguu, na dada yangu si mwepesi.

Njiani kurudi shemeji alisema jambo moja tu. "Mama Funguo asijue."

Mama Funguo ndiye mwenye jengo. Anatembea na mkungu wa funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Keyateka aliyekuwepo kabla ya shemeji alipatikana na ugonjwa wa kifua, na yule mama alimtoa mbele yetu sote. "Sitaki mtu wa kunifia kwenye ngazi," alisema, na mara chumba kikawa wazi. Ndivyo shemeji alivyokipata.

"Utajificha mpaka lini?" dada akamuuliza. "Wewe mume wangu, si bomba."

"Nitapanda polepole."

"Polepole na madumu mawili?"

Shemeji alimeza kidonge, kesho yake akapanda. Nikawa namsikia: paa, kimya, paa, kimya. Kimya kikawa kirefu kuliko paa. Wateja wananiambia naziba pancha vibaya. Uongo, mimi sizibi vibaya, ila ni kweli sikio langu lilikuwa ngazini.

Halafu Mama Funguo akaja. Mimi nimekaa na tairi la teksi mapajani, mwenye teksi kasimama pembeni anachokonoa meno. Shemeji yuko chini ya ngazi, kashika madumu yaliyojaa.

"Eh, bwana," mama akasema, "habari ya presha?"

Shemeji akayaweka madumu chini. Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kumaanisha nyamaza, anauliza maji! Yeye akadhani namwambia si mimi niliyesema.

"Nani kakwambia, mama?"

"Nani ataacha kuniambia? Wa ghorofa ya nne kanipigia simu jana."

"Ah. Yule alinikuta nimekaa kwenye ngazi."

"Sasa umekaa kwenye ngazi ndiyo itapona? Ilianza lini?"

"Nadhani ni ya siku nyingi. Ila mimi nimeijua juzi."

"Juzi! Na hukunipigia?"

"Niliogopa, mama."

"Unaogopa nini, kitu cha kutengenezwa? Haya, iko chini kiasi gani?"

Hapo niliona mazungumzo yanaelekea mtaroni. Nikabonyeza kipini cha valvu kwa nguvu zangu zote, tairi likapiga kelele fyuuuu, mwenye teksi naye akapiga kelele, "We! Si umetoka kulijaza sasa hivi?" Nikaongeza kukohoa. Haikusaidia. Shemeji akichoka husema ukweli, hana nguvu ya kutunga kingine.

"Haiko chini, mama. Iko juu."

"Iko juu, halafu watu hawana maji?"

"Maji nawapelekea, sijaacha. Nameza dawa asubuhi, halafu napanda."

Mama Funguo alimtazama miguu, malapa, yale madumu, kisha uso. Shemeji naye ndiyo kwanza akaanza kuelewa waliyokuwa wakizungumza. Tairi langu lilikuwa limeishiwa upepo wote.

"Kumbe presha ni wewe," mama akasema.

"Lakini naweza kazi."

"Nimekusikia unavyoweza. Tangu nifike hapa unahema."

"Mama, nikitoka hapa sina pengine."

"Nikikuacha hapa pengine utapata, na unapajua." Sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali ingekuwa nafuu, mtu ungepata la kujibu. "Sikufukuzi kwa ubaya, baba. Sitaki kukuzika. Wiki hii iishe, nahitaji chumba kwa ajili ya mtu mwingine."

"Na pampu?" nikauliza, maana mdomo wangu hauna breki. "Si ununue pampu tu, mama?"

"We ziba tairi," akaniambia. Mwenye teksi akaunga mkono.

Shemeji aliinama akashika mshikio wa dumu. "Haya yamejaa tayari. Nipandishe haya tu?"

"Yaache."

Aliyaachia, akaingia chumbani kwake, akainamisha kichwa pale dari linapolala, akaketi kitandani. Dada yangu alikuwa amesikia yote. Hakulia wala kulaumu. Alivuta sanduku uvunguni akaanza kukunja nguo, akasema, "Afadhali," tena akasema, "Afadhali."

Wamehamia kwangu, chumba changu kimoja nyuma ya kibanda. Nimepitisha shuka katikati, upande mkubwa nimewapa wao, nami nimewatangazia kwamba hakuna shemeji mkarimu kama mimi nchi nzima. Dada anasema hakuna shemeji anayekoroma kama mimi nchi nzima. Mchana shemeji anakaa na mimi kibandani, ananishikia rimu, ananishikia spana. Hajazoea kukaa. Kila baada ya kitambo kidogo anasimama, anatazama huku na huku, hakuna anachokitafuta, anakaa tena.

Jumapili ya kwanza, alfajiri, ghorofa ya nne wakaanza. "Presha hamnaaa!" Keyateka mpya, jamaa mwenye shingo kama gogo, bado alikuwa amelala. Nyuma ya shuka nikasikia kitanda kinalia, shemeji anatafuta malapa yake gizani kwa mguu.

"Unakwenda wapi?" dada akamuuliza.

"Wananiita."

"Hawakuiti wewe. Lala."

Kitanda kikalia tena. Nikasubiri nisikie akikoroma, nimpe taarifa dada kwamba tuko wawili sasa. Hakukoroma. Alikuwa amelala macho, anasikiliza malapa ya mtu mwingine hatimaye yakianza kupanda, na kila yaliponyamaza kwenye kona, naye pumzi ilisimama.