Mafuta ya Papa Kwenye Njia ya Hewa

Msinipe pole, sitaki. Niulizeni tu nani alimharibia Hamidi, ndugu yangu wa tumbo moja, nami nitawajibu: ni mimi Safiya, kwa mdomo wangu huu na chupa yangu ile.

Miaka kumi na mmoja Hamidi yuko kwenye gereji moja hapa Kismayo, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kupuliza filta za hewa. Gari linaingia limejaa vumbi jekundu, yeye anafungua boksi la eya klina, anatoa filta, anashika mpira wa upepo, anapuliza kutoka ndani kwenda nje, anairudisha. Basi! Injini hagusi. Kwa nini? Kwa sababu ni Mbajuni, mtu wa visiwani. Walidi, mwenye gereji, wala hakuficha: "Nyinyi watu wa Koyama mwajua samaki na mbao." Hamidi hujibu, "Naam, bosi," kisha huja kwangu kula huku akikohoa vumbi la magari ya watu. Mimi damu ilikuwa ikinichemka.

Na wallahi injini alizijua. Alizisoma kwa macho, akisimama nyuma ya mafundi na filta yake mkononi, mpaka akawa anatambua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu likiingia getini.

Mwezi wa Shaabani fundi mmoja akahamia Mombasa, nafasi ikabaki. Walidi akamwita Hamidi. Gari la Ghalib, anayepeleka abiria Ras Kamboni, lilikuwa likitetemeka na kuzimika kila likisimama. "Safisha njia yote ya hewa, peke yako," akamwambia. "Likienda likarudi salama, kuanzia Jumamosi wewe ni fundi. Utafungua injini."

Mchana ule alikuja kula hatulii. Sikuwa nimemwona vile tangu tulipokuwa wadogo.

"Dada, kile kibati kinachofungua na kufunga hewa kilikuwa cheusi ti! Nimekisugua kwa brashi na dawa mpaka nimejiona uso."

"Ukakipaka nini?"

"Sikukipaka kitu. Chatakiwa kiwe kikavu."

"Kikavu, na upepo huu wa chumvi? We Hamidi! Baba aliwahi kuacha chombo kikavu?"

Kwetu chombo hakishuki majini mpaka kipakwe sifa, yale mafuta ya ini la papa. Chupa ya marehemu baba ninayo mpaka leo, naijaza ikipungua. Bawaba za mlango wangu nazipaka hiyo hiyo, na hazijaota kutu.

Akacheka. "Dada, lile ni gari, si mashua."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Kumbe nawe umeshatuona washamba, kama hao wanaokudharau! Baba alikuwa mjinga, siyo?"

Akamaliza wali wake, akanawa, akaichukua ile chupa akaondoka nayo. Mimi nikabaki nimefurahi, eti nimeshinda!

Alikipaka kibati, akaipaka na filta. Gari likaondoka asubuhi likinguruma vizuri, Ghalib mwenyewe akamsifu mbele za watu. Lakini ile njia ni mchanga mtupu, na sifa ikikauka inanata. Vumbi likagandia kwenye filta, jingine likapita ndani, kibati kikashikana na ukuta wake. Gari likafia njiani. Abiria wakakaa juani mpaka alasiri, akina mama na watoto, likavutwa kwa kamba mpaka gereji.

Yaliyofuata nilihadithiwa na fundi mmoja wa pale. Walidi alikitoa kibati, akakinusa, akaita gereji nzima. "Njooni mnuse! Mvuvi katutilia papa kwenye injini!" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha akamuuliza, "Nani alikwambia upake uchafu huu?"

Hamidi akasema, "Mimi mwenyewe."

Ile nafasi akapewa mtu aliyekuja mjini juzi tu. Hamidi karudi kwenye mpira wake wa upepo, na jina lake pale sasa ni Papa. Hata wenye magari wanalo: "Papa, nipulizie filta."

Mchana bado anakuja kula. Anabisha hodi, anauliza, "Dada, leo kuna nini?" Habari ya chupa hajaitaja hata siku moja. Jana nilishindwa. Nikamwambia, "Hamidi, nitukane basi, nipumue!"

Akanitazama. "Nikutukane kwa lipi, dada? Wewe ulinitakia mema."

Kikohozi kikamshika, nikampa maji. Akanywa, akaniaga, akarudi kupuliza filta.