Mwalimu wa Utumbo

Mume wangu alikuwa mwalimu msaidizi wa misheni pale Matema, kando ya ziwa, enzi za Wajerumani, na kuna wakati alikaa siku sita bila kwenda choo. Jambo hili nalisema wazi kwa sababu yeye alilificha hadi alipokufa.

Mambo yalianza mmisionari alipompa picha kubwa ya matumbo ya mtu aitumie kufundishia. Nilikaa benchi la nyuma na wanawake wenzangu, mikono ikiwa bado na udongo wa vyungu, nikamtazama akijitanua mbele yetu. Chakula, alisema, husagwa kwa meno na kulainishwa kwa mate, kisha hushuka kwenye mfuko wa tumbo, ambako maji makali hukigeuza kuwa kama uji. Nyongo inayotoka kwenye ini husaidia kuyeyusha mafuta. Utumbo mwembamba hunyonya kilicho bora na kukiingiza kwenye damu. Utumbo mpana hufyonza maji kwenye makapi. Aliyasema vizuri, hilo simnyimi. Hata kasuku husema vizuri.

Baada ya hapo akakidharau chakula chetu. Ndizi, maharage na mboga za majani vikawa vya washenzi, na mimi mpishi wake nikawa mshenzi wa kwanza. Akawa anakula mkate mweupe wa ngano na nyama ya kopo, vitu alivyoviomba jikoni kwa mmisionari. Maji hakuyagusa. Alikunywa kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, amekunja uso kama mzungu anayesoma barua.

Siku ya tano tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma. Alifundisha amesimama, jasho likimtiririka. Mama yake alitaka kumwita mganga wa mizizi. Akakataa, eti yeye ni Mkristo. Nilipomwambia aende kwa mmisionari akaombe dawa, akakataa vilevile. Angeanzaje kueleza kwamba mwalimu wa utumbo amefungwa na utumbo?

"Mwalimu," nikamwuliza, "utumbo mpana kazi yake nini?"

"Kufyonza maji," akajibu, macho ameyafumba.

"Na makapi yakikaa humo siku tano?"

Nikamjibia mwenyewe.

"Yanakuwa kama udongo ulioachwa juani. Mimi mfinyanzi, udongo nauelewa. Unataka maji, na unataka kukandwa."

Nikamwekea chungu cha maji yaliyochemshwa, papai bivu, na bakuli la maharage na majani ya maboga. Alikula kama anayemeza dawa chungu. Kisha nikamtuma atembee ufukweni hadi mwisho wa kijiji na kurudi, mara tatu. Kesho yake asubuhi alitoka mbio kuelekea migombani, akakawia sana, akarudi amekonda uso na mpole kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Ndaga, mkwe," mama yake akanishukuru.

Jumatatu mume wangu alisimama darasani akatangaza kwamba amefanya jaribio juu ya mwili wake mwenyewe, na elimu imeshinda. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilitazama vidole vyangu, nikijizuia kucheka.

Kuanzia hapo maharage yalirudi nyumbani kwetu. Alitaka tu niyapike jikoni kwa nyuma, mlango umefungwa, na wageni wakija niyafunike.